Nani Anashona Viti vya Triumph

Mwene-Ditu, tarehe 2 Mei 1993

Mama Falonne,

Nimefika. Naandika hilo kwanza kwa sababu najua ndilo utakalolitafuta.

Treni ilisimama porini zaidi kuliko ilivyotembea. Tulikaa juu ya mizigo ya watu, na watu juu ya mizigo yetu. Kabla ya Kamina wazazi walishuka kuzika watoto kando ya reli, nikamshukuru Mungu kwamba wewe ulibaki na Falonne na surua yake. Usiseme niliwaacha. Tulikubaliana wote wawili: wewe ni mtoto wa Katanga, hawakugusi, na mtoto akipona mtanifuata.

Hapa tunalala katika darasa la shule. Kule tulifukuzwa kwa kuwa watu wa Kasai, hapa Kasai wanatuita watu wa Shaba, yaani wa Katanga. Mimi niliyezaliwa Musonoi, huko huko Kolwezi, sijui hata mahali pa kuteka maji.

Sasa Kanku. Treni ilipopiga honi, mdogo wangu aliruka chini kurudi nyumbani kuchukua sanduku la sindano na nyuzi. Nilimwambia aache. Akajibu, «Huko tunakokwenda nitashona na meno?» Treni ikaondoka bila yeye. Je, alifika nyumbani? Umemwona? Niandikie habari zake kabla ya habari nyingine yoyote.

Motokari ya Tata Kalenga ifunike vizuri. Najua wewe huioni kuwa kitu, lakini Triumph kama ile hakuna nyingine Kolwezi: Waingereza waliileta toka Zambia, na kila kipande cha ndani ninakijua kwa mkono. Vumbi la mgodi lisiingie. Kalenga ni mkubwa wa ofisi ya zone, yaani ya wilaya, atakuja kuuliza kazi imefika wapi. Mwambie viti na mbao za milango vimo katika karakana. Azungumze nawe uani. Ndani ya nyumba hana shughuli.

Barua hii anakuletea Tata Mwenze anayefanya kazi kwenye treni. Ni mtu wa kuaminika. Mpe jibu.

Mume wako,
Lukusa


Kolwezi, 16 Mei 1993

Tata Falonne,

Barua yako ilifika. Mbele ya kunifikia, kuna mutu aliifungua, kisha akabandika bahasha tena na kole. Huyo Mwenze unamuamini wewe. Mi nilimuona juzi anakunywa pombe na bale vijana benye balifukuza majirani. Basi andika kama mutu mwenye anajua kwamba banamusoma.

Mutoto amepona. Macho tu ndiyo yanatoka maji kidogo. Anauliza baba yake kila asubuhi.

Nyumba ya kuume kwetu baliichukua na bitu yote. Ya kushoto baliichoma. Yetu habakuingia, sababu baliona Triumph mu lupango, ndani ya ua yetu. Tata Kalenga alikuja Jumamosi, akasimama pale uani, akaniambia: «Mama, motokari yangu ikiwa hapa, hakuna mutu atavunja mulango yako. Siku itatoka, mi sitajua tena.» Alisema vile, anacheka, anapangusa vumbi ku kioo na mukono ya shati. Nilijua si mambo ya kucheka.

Ya Kanku, habari sina. Usiniulize tena.

Mbao za milango zilikunywa maji, zimepinda. Utuambie: tuzinyooshe, ao tukate mbao mupya ya triplex? Na ule ubao wa mbele, wenye matundu ya saa na mita, uko wapi? Nimepindua karakana yote. Tata Kalenga aliuulizia. Ulienda nao?

Numbi


Mwene-Ditu, 6 Juni 1993

Mama Falonne,

Barua yako nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Kuna neno moja linanizuia kulala. Uliandika «tukate». Uliandika «utuambie». Wewe na nani?

Ubao wa mbele sikuuchukua. Nani angebeba ubao wa motokari katika treni ile, wakati watu walikuwa wanaacha masufuria?

Mbao za milango zisinyooshwe. Zitapinda tena mvua ya kwanza. Lazeni ubao wa zamani juu ya triplex mpya, mchore ukingo wake, mtoboe matundu ya vibanio kabla ya kufunika, siyo baada. Kisha pakeni verni ya kuzuia maji pande zote mbili, na zaidi kwenye kingo, maana maji huingilia hapo. Simili, ile ngozi ya bandia, ivutwe kutoka katikati kwenda pembeni, na kole ipakwe nyuma tu. Unaona, na mimi nimeandika «lazeni». Nimekubali kwamba mko wengi. Nataka tu kujua ni nani.

Kuhusu Kanku hukuandika hata mstari mmoja wa huzuni. «Habari sina, usiniulize.» Ulikula naye miaka yote ile. Mtu wa Musonoi aliyefika na treni iliyofuata ametuambia aliona vijana wanampiga kando ya reli, na hakumwona akisimama tena. Jana nimenyoa kichwa. Wamama wa hapa, ambao hawakumjua, wamemlilia kuliko wewe.

Na Kalenga, anakuja kila Jumamosi? Akija anakaa wapi?

Lukusa


Kolwezi, 20 Juni 1993

Tata Falonne,

Nimesoma kwamba ulinyoa kichwa. Nisamehe. Sina la kusema, na usikasirike kwamba sina.

Mu ile barua, «tukate» ni mi na Falonne. Hakuna mwingine.

Mbao za milango zimekaa muzuri, kama ulivyoeleza. Kiti cha dereva kimekwisha: simili nyekundu, hata mutu anazania ni ngozi kabisa, mistari yote imenyooka, na ile kamba nyeupe ya pembeni, paspoali, inazunguka bila kupinda hata ku kona. Tata Kalenga alipitisha kidole pale mara mbili. Kiti cha pili nacho kilikuwa kimekwisha, lakini mi nilikifumua. Hakikunipendeza. Nitaanza tena.

Anakuja Jumamosi, ndiyo. Anakaa ku kigoda pale uani, anakunywa maji, anaangalia motokari yake, anaenda. Falonne anamuogopa.

Sasa sikiliza. Ule ubao wa mbele, kama uko nao, usiutume. Asikutume mutu, asikudanganye mutu. Kaa nao huko huko. Umenielewa? Usiutume.

Mi ni muke wako. Uniamini kidogo, hata kama haujui unaamini nini.

Numbi


Mwene-Ditu, 11 Julai 1993

Numbi,

Falonne ana miaka mitano. Falonne ndiye anakata triplex?

Mwenze amefika. Hakutaka kusema, nilimshika shati. Anasema alipopita kuchukua barua yako, alisikia mwanamume anakohoa nyuma ya pazia la karakana, na wewe ukaanza kuimba kwa nguvu ili asisikie. Anasema kamba ya nguo ilikuwa na suruali. Anasema ulitoka jikoni na sahani, ulipomwona ukarudi nayo.

Nikachukua barua zako nikazisoma upya moja baada ya nyingine. Unaniuliza mambo ya mbao tu. Ya kushona hujauliza hata mara moja. Wewe, ambaye hata kifungo cha blauzi ulikuwa unampelekea marehemu Kanku akushonee! Leo unaniambia paspoali nyeupe haipindi ku kona. Kona ile mafundi wa miaka mingi huiharibu. Kwa hiyo kuna fundi nyumbani mwangu, amekaa kwenye mashine yangu, anakula katika sahani zangu. Anayeshona ni nani?

Na unafumua kiti kilichokwisha. Unafumua! Basi ninyi hamtaki kazi iishe. Kazi isipoisha, Kalenga ataendelea kuja, na huyo mwingine ataendelea kukaa. Sijui hata nimwogope yupi kati yao.

Ubao niko nao, ndiyo, nilikudanganya. Niliufunga katika blanketi na kuulalia njia nzima. Nilifikiri: bila huu ubao hawatamaliza kazi, siku moja Kalenga atalazimika kuniita. Hilo ndilo tumaini nililobeba kutoka Kolwezi. Sasa wewe unaniambia nikae nalo huku huku.

Nijibu kwa jina. Jina moja tu, sitaki maneno mengine.

Lukusa


Kolwezi, 25 Julai 1993

Tata Falonne,

Siwezi kuandika jina.

Mi si muke wa Kalenga, na mu nyumba yako hakuna mwanaume wa kukuaibisha. Naapa juu ya Falonne. Ngoja. Kidogo tu imebaki. Usifanye kitu.

Numbi


Mwene-Ditu, 8 Agosti 1993

Kwa Mheshimiwa Tata Kalenga, Ofisi ya Zone, Kolwezi

Mheshimiwa,

Mimi ni Lukusa, fundi uliyemkabidhi Triumph yako. Kwa mkono wa Mwenze nakutumia ubao wa mbele. Niliondoka nao kwa haraka ya safari, naomba radhi. Ile ngozi nyembamba ya mti iliyokuwa inabanduka nimeibandika upya, mpasuko wa chini ya mita nimeujaza, kisha nimepaka verni na kuusugua, nikapaka tena na kuusugua tena, mpaka utauona humo uso wako. Sasa hakuna kinachozuia motokari kwisha.

Ninakuomba neno moja kama mwanamume kwa mwanamume. Katika karakana yangu, nyuma ya pazia, amejificha mtu. Ndiye anayeshona viti vyako, na ndiye anayevifumua ili kazi isiishe. Jina lake silijui. Mke wangu anakataa kulisema. Wewe una nguvu huko, mimi sina tena. Mtoe katika nyumba yangu. Mke na mtoto usiwaguse, wao ni watu wa kwenu.

Aliye mtiifu kwako,
Lukusa


Kolwezi, 22 Agosti 1993

Kwa Lukusa,

Ubao nimeupokea, ni kazi nzuri. Ulichoandika nimekihakikisha mimi mwenyewe. Mwanamume alikuwepo. Motokari itakwisha wiki hii, na nyumba hiyo haitakuwa tena chini ya ulinzi wangu.

Usiniandikie tena.

Kalenga


Kolwezi, 5 Septemba 1993

Lukusa,

Leo naandika kila kitu, sababu hakuna tena kitu cha kuficha. Mwenze asome, batu benye banafungua barua ku Kamina basome.

Siku ile treni yako iliondoka, vijana balimukamata Kanku ku njia, sanduku yake ya sindano mu mukono. Balimuvunja muguu na nondo, bakamuacha mu majani. Jioni alijikokota mpaka ku mulango yetu. Nilimufunga muguu na bipande bya triplex yako, nikamulaza nyuma ya pazia. Kumupeleka hospitali ilikuwa kumupeleka kwa bale bale. Kukuandikia jina yake ilikuwa kumupatia Mwenze. Nilikuacha unyoe kichwa. Nililia siku ile, Lukusa, na Kanku aliniambia, «Shemeji, ni muzuri, mutu mwenye amekufa hawamutafuti.»

Tulipatana hivi: motokari inalinda nyumba, basi motokari isiishe mpaka muguu ipone. Yeye alishona kwa kukaa, muguu umenyooshwa ku kigoda. Kila kitu yenye alimaliza, mi nilifumua. Akianza kutembea, ndugu zangu ba Kasaji balikuwa tayari kumupokea, na toka kule angetafuta njia ya kukufikia. Alikuwa amekwisha kuanza kusimama. Ndiyo maana nilikuandikia ngoja.

Tata Kalenga alikuja na ubao chini ya kwapa, barua mu mukono, vijana nyuma yake. Akanisomea barua mbele ya Falonne. Nilisema, «Bwana yangu hawezi kuandika hii.» Akanipatia niangalie. Niliona ile herufi K yako, na mukia wake mrefu.

Balivuta pazia. Alikuwa amekaa ku mashine, hakupata hata wakati wa kusimama. Balianza kumupiga pale pale. Falonne alipiga kelele, «Musimupige tonton!», vile anaita baba yake mudogo. Tata Kalenga akainua mukono, bakaacha. Akauliza, «Huyu ni nani?» Ni Kanku mwenyewe alijibu, damu ku meno: «Mi ni mudogo wa mwenye aliandika hiyo barua.»

Lukusa, ungeona. Hata bale vijana balishusha nondo zao. Tata Kalenga aliangalia barua, akamuangalia Kanku, tena barua. Akauliza, «Mama moja?» Kanku akasema, «Mama moja, baba moja.» Kalenga akakunja ile karatasi polepole, akaiingiza mu mufuko. Nilizania atamuhurumia. Akasema: «Utamaliza kiti. Utafunga huu ubao. Kisha utaenda kwenu.»

Alimaliza, kijana mumoja amesimama ku mulango na nondo. Aliponyanyua ubao wako kuufunga, alipitisha mukono juu yake, akaniambia, «Kaka alifanya kazi muzuri.» Hakusema vile na chuki. Heri angesema na chuki.

Siku Triumph ilitoka mu lupango, bale vijana baliingia. Habakungoja hata vumbi ishuke. Mashine balibeba, kitanda balibeba. Kanku balimukokota mpaka ku gare ya treni, na ku ngazi mumoja akamukanyaga ule muguu. Nilisikia mi mwenyewe. Utamupokea, kama atafika.

Ulijua mikono yenye inashona vile. Mu Kolwezi yote ulijua kuna mikono mbili tu yenye inazungusha kona ile bila kupinda, na moja ni yako. Lakini ulikuwa umekwisha kumuzika, basi ulitafuta mwanaume mwingine wa kuweka pale. Na mi ulinitafutia aibu yenye sikuwa nayo.

Mi na Falonne tunaenda Kasaji kwa kaka yangu. Usitufuate, usitume mutu, usiandike.

Numbi, binti Kalumba


Mwene-Ditu, 3 Oktoba 1993

Shemeji Numbi,

Mi niko muzima. Sister mumoja wa misheni ya hapa ameniandikia bahasha na anaileta yeye mwenyewe mpaka Kasaji, basi Mwenze haioni.

Muguu ilioza kidogo mu njia, lakini ba sister baliisafisha na haitakatwa. Banasema nitatembea na fimbo. Kwa kazi yangu haizuru, mi ni mutu wa kukaa. Mu soko kuna fundi nguo mumoja ameniazima mashine yake saa za asubuhi. Nashona sare za shule. Ni kazi ya kitoto, lakini mikono haijasahau.

Kaka alikuwa ku gare. Alikuwa anakuja ku kila treni tangu barua yako ilifika. Nilimuona yeye bado hajaniona: nywele zimeota, lakini nyeupe. Aliponifikia alianza kusema, nikamuambia, «Kwanza maji.» Akakimbia kutafuta maji. Kisha akanibeba mugongoni mpaka ku shule. Batu ba njiani balipiga makofi, banasema, angalieni ndugu benye bameonana tena. Yeye alikuwa analia, mi nilikuwa nasikia mugongo yake inatikisika.

Alipika, nilikula. Alinifunga muguu, nilinyoosha. Siku moja akapiga magoti, akasema, «Kanku, sikujua ni wewe.»

Nikamuambia, «Najua haukujua.»

Akasema, «Ningejua ni wewe, nisingeandika. Kweli ya Mungu.»

Nikamuuliza, «Basi ulitaka bapige mutoto wa nani?»

Alibaki ku magoti pale mpaka batu balianza kutuangalia. Sikumuinua. Si kwa ubaya. Mi mwenyewe nilikuwa nangoja kusikia jibu, na nilipoona haiko, nilichoka.

Bado tunalala darasa moja, sababu hakuna lingine. Si adui yangu. Lakini nikipata chumba ku soko nitahamia, na amekwisha kujua. Anasema anataka kuja Kasaji kwa miguu. Nilimukatalia: uliandika asifuate, basi asifuate. Halafu akaniomba niweke mu hii barua kwamba anaomba ruhusa ya kukuandikia, hata mustari mumoja, hata kama hautajibu.

Nimeweka, sababu aliomba. Kumutetea sitamutetea, na kumuchongea pia hapana. Ukisema ndiyo, nitamupatia kalamu. Ukisema hapana, nitamuambia hapana, na nitakaa karibu yake siku ile.

Umubusu Falonne. Umuambie tonton alisikia namna alipiga kelele, na mukono ya batu ilisimama sababu yake.

Shemeji wako,
Kanku